Mchezo wa Safari ya Oregon

Tarehe 3 Desemba mwaka 1971, wanafunzi wa darasa moja la historia katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, nchini Marekani, waliingia darasani wakakuta mashine ambayo hawakuzoea kuiona katika somo lile. Haikuwa na kioo wala picha. Ilikuwa teletaipu, yaani mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa kwa waya wa simu na kompyuta iliyokuwa mbali na shule, na kila ilipotaka kunena ilitetemeka kwa kishindo, ikachapa herufi 10 kwa sekunde moja juu ya karatasi ndefu iliyoviringwa. Mwalimu wao, Don Rawitsch, alikuwa bado mwalimu mwanagenzi: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Chuo cha Carleton, aliyetumwa shuleni kujifunza kazi ya kufundisha. Somo lilikuwa juu ya watu waliohamia magharibi katika karne ya kumi na tisa. Siku ile wanafunzi hawakusoma habari za wahamiaji hao. Walihama wao wenyewe.

Mimi kazi yangu ni kuwafundisha walimu wanagenzi, na kwa sababu hiyo kisa hiki kina utamu wa pekee kwangu. Watu wengi wanaposikia habari za michezo ya kompyuta huona mbele ya macho yao kijana aliyejifungia chumbani usiku, vitabu vyake vimejaa vumbi, na vidole vyake havitulii juu ya simu. Sisemi kwamba kijana huyo hayupo. Namjua, na yamkini wewe msomaji unamjua zaidi yangu. Lakini mmojawapo wa michezo ya kompyuta iliyo mashuhuri kuliko yote haukuzaliwa katika chumba cha mtoto mvivu. Ulizaliwa mezani pa mwalimu asiye na fedha aliyekuwa akitafuta njia ya kufanya somo lake lieleweke. Tukitaka kujua kama mchezo waweza kumpa mtu elimu, au kumtayarisha kwa kazi, heri tuanze hapo.

Kwanza tuiangalie safari yenyewe. Katika miaka ya 1840 familia nyingi za Wamarekani wa asili ya Ulaya ziliondoka katika mji wa Independence, jimbo la Missouri, zikielekea nchi ya Oregon iliyo upande wa bahari ya Pasifiki. Walisafiri kwa magari ya kukokotwa na maksai, mwendo wa maili 2,000 na zaidi, kwa muda wa miezi mitano au sita. Aliyechelewa kuondoka alikutwa na theluji milimani. Aliyewahi mno alikosa majani ya kulisha maksai wake. Wengi walikufa njiani, na wauaji wakubwa walikuwa kipindupindu na maradhi mengine, kuzama katika mito, na ajali za bunduki na magurudumu. Kitabu cha shule husema haya yote katika ukurasa mmoja au miwili. Mwanafunzi huyasoma, huyakariri, huyajibu katika mtihani, kisha huyasahau kabla wino haujakauka.

Rawitsch aliliona jambo hilo. Akaanza kuchora ramani kubwa yenye vyumba vya kupita, akatengeneza kadi za misiba na za bahati njema, na dadu ya kutupa, kusudi wanafunzi washindane kufika Oregon. Alikuwa akikaa nyumba moja na vijana wawili wenzake, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, ambao nao walikuwa wanagenzi, lakini wa somo la hesabu. Jioni moja walimkuta juu ya ramani yake. Hao wawili walikuwa wamejifunza kuandika programu za kompyuta, wakatambua mara moja kuwa kazi yote ya dadu na kadi yaweza kufanywa na mashine, tena kwa hesabu za uwezekano zilizo sahihi zaidi kuliko dadu. Muda uliobaki kabla ya somo haukufika majuma mawili. Wakafanya kazi jioni kwa jioni katika chumba kidogo cha shule kilichokuwa zamani stoo ya mfagiaji. Heinemann aliandika sehemu kubwa ya programu kwa lugha ya BASIC, Dillenberger alitunga vipande vyake vingine na kusaka makosa, na Rawitsch aliwapa historia.

Mchezo ulikuwa hivi. Wewe ni kichwa cha familia ya watu watano katika mwaka wa 1847. Umekwisha kununua gari, na mfukoni zimesalia dola 700. Mbele yako zipo maili 2,040, karibu kilomita 3,300, mpaka mji wa Oregon City. Mashine inakuuliza: utatumia kiasi gani kwa maksai? Kiasi gani kwa chakula, kwa risasi, kwa nguo, kwa dawa na vifaa vingine? Ukinunua maksai dhaifu utakwenda polepole na baridi itakukuta njiani. Ukimaliza fedha kwa maksai, watoto watalala na njaa. Baada ya hapo, kila majuma mawili ya safari mashine inakupa hesabu ya ulivyo navyo na kukutaka uamue: utaendelea, utasimama kwenye ngome kununua vitu, au utawinda? Utakula kwa uchache, kwa kadiri, au kwa kushiba? Kisha hujia jambo usilolitazamia. Gurudumu limevunjika, mtoto amevunjika mkono, mvua kubwa imeharibu chakula, maji yaliyopo ni machafu. Anayetaka kuwinda hana budi kupiga chapa upesi neno la Kiingereza linaloiga mlio wa bunduki, na mashine hupima sekunde alizotumia. Mwenye vidole vizito hulala bila nyama.

Lililotokea darasani siku ile halikuwa katika programu. Mashine ilikuwa moja, wanafunzi ni wengi, basi ilibidi wajigawe katika makundi. Rawitsch amesimulia baadaye jinsi walivyojipangia kazi pasipo kuamriwa: aliye hodari wa kupiga chapa alikaa mbele ya herufi ili awinde, mwingine akashika ramani na kufuata mahali walipofika, mwingine mwenye kichwa cha hesabu akatunza fedha na vyakula. Palipokuwa na uamuzi mgumu walishauriana. Nami nawaomba wasomaji watue kidogo hapa, maana katika shule zetu nyingi upungufu wa mashine hutajwa kama sababu ya kutofanya lolote. Wale watoto wa Minneapolis, kama kila mmoja angekuwa na mashine yake, yumkini kila mmoja angalikufa peke yake njiani bila kumwambia mwenzake neno. Mashine moja iliwalazimisha kuwa kama ofisi ndogo: karani, mhasibu, msoma ramani, na baraza la kukata shauri. Hizo ndizo kazi ambazo mwajiri yeyote hutafuta mtu wa kuzifanya.

Muhula ulipokwisha, Rawitsch alichapa programu yote juu ya karatasi, akaikunja akaiweka, na katika kompyuta ya wilaya ikafutwa. Huo ungalikuwa mwisho wake. Lakini mwaka 1974 aliajiriwa na shirika la MECC, lililoundwa mwaka 1973 na jimbo la Minnesota ili kuzipatia shule huduma ya kompyuta, akaitafuta ile karatasi na kuipiga chapa tena mstari kwa mstari. Safari hii hakuridhika na kubahatisha. Alisoma shajara za wahamiaji wenyewe, akahesabu mara ngapi wanataja dhoruba, mara ngapi gari kuvunjika, mara ngapi ugonjwa, kisha akarekebisha uwezekano wa kila tukio katika mchezo ulingane na yaliyoandikwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya kisa chote. Mtu aliyetunga mchezo alilazimika kuuliza swali ambalo mwandishi wa kitabu cha shule aweza kulikwepa: si tu kama jambo lilitokea, bali lilitokea mara ngapi.

Mengine nitayataja upesi. Shule za Minnesota ziliucheza mchezo huo kwa njia ya simu. Mwaka 1978 programu yake ilichapishwa katika gazeti la kompyuta ili kila mtu ainakili. Mwaka 1985 lilitoka toleo lenye picha kwa kompyuta za Apple II, na watoto wa kizazi kizima cha Marekani wakakua wakijua kuwa mtu aweza kufa kwa kuhara damu karibu na mto ambao hawajauona. Mwaka 2016 uliingizwa katika jumba la heshima la michezo ya video duniani, katika mji wa Rochester, New York. Wale wanagenzi watatu hawakutajirika kwa kazi yao.

Sasa yafaa kuuliza kwa nini ulifundisha. Jibu jepesi ni kuwa ulifurahisha, lakini jibu hilo halinitoshi, kwa maana mambo mengi hufurahisha na hayafundishi kitu. Kamari ya simu, ambayo imewala vijana wetu wengi, hufurahisha pia, mpaka fedha ziishe. Tofauti nionayo ni hii: katika safari ya Oregon mchezaji akikosea, kosa lake linarudi kwake likiwa na sura ya kueleweka. Amekufa njaa kwa sababu alipunja chakula Machi. Akianza tena ataongeza chakula, na atakufa kwa jambo jingine, nalo atalijua. Hana haja ya mtu kumwekea alama nyekundu.

Kukosea bila kuumia ni elimu ya zamani kuliko kompyuta, na kwa upande wa kazi mfano mkubwa ni wa marubani. Edwin Link alikuwa kijana wa mji wa Binghamton, New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda vya kanisani na vya majumba ya sinema. Alitamani kurusha ndege, akaona masomo yake ni ghali mno. Basi akachukua viriba vya upepo vya vinanda vya baba yake, akavifunga chini ya kiti chenye umbo la ndege ndogo, na kufika mwaka 1929 alikuwa na mashine iliyoinama na kugeuka kama ndege angani, nayo haitoki chumbani. Akawapelekea wenye shule za urubani. Hawakuipokea. Walioinunua mwanzoni walikuwa hasa wenye viwanja vya burudani, ambako watu walilipa senti chache kupanda na kucheka.

Mwaka 1934 serikali ya Marekani iliwapa marubani wa jeshi kazi ya kupeleka barua kwa ndege. Ilikuwa wakati wa baridi, na wengi wao hawakuzoea kuruka gizani na mawinguni kwa kutazama vyombo peke yake. Katika majuma machache zaidi ya 10 walikufa. Ndipo jeshi lilipokumbuka kile kiti cha uwanja wa burudani, likanunua mashine 6 kwa dola 3,500 kila moja. Katika Vita vya Pili vya Dunia zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na marubani wengi wa Marekani na wa nchi rafiki zake walijifunza humo kabla ya kuaminiwa na ndege.

Mashine ya kucheka nayo ndiyo iliyokuwa mashine ya kuokoa maisha. Katika jeshi kilichoongezwa ni mwalimu aliyekaa mezani kando, na juu ya meza ile kijigari kidogo chenye wino kilichochora juu ya ramani njia yote ambayo mwanafunzi "ameruka". Mwanafunzi aliposhuka, wawili hao waliinamia karatasi: hapa ulipotea, hapa ulizidisha kona, hapa ungaligonga mlima. Aliyewahi kukaa barazani Lamu au Mombasa wazee wakicheza bao atalielewa jambo hili bila maelezo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hodari huzihesabu na kuzisambaza kichwani kabla mkono haujashuka. Lakini kijana anayejifunza hapati mengi kutoka kwenye mashimo yenyewe. Hupata kutoka kwa watazamaji, ambao mchezo ukiisha huzirudia kete na kumwonyesha, kwa maneno makali wakati mwingine, wapi alipojiponza.

Siku hizi mifano ya namna hii imekuwa mingi, na si yote ya kuaminiwa sawasawa. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na daktari James Rosser walitangaza matokeo ya kuwachunguza madaktari 33 wa upasuaji katika hospitali ya Beth Israel mjini New York, katika upasuaji ule wa kupitisha vyombo vyembamba katika tundu ndogo huku daktari akitazama kioo. Waliokuwa wamecheza michezo ya video zaidi ya saa 3 kwa juma katika siku zao za nyuma walifanya makosa machache kwa asilimia 37, na walikuwa wepesi kwa asilimia 27, kuliko wasiocheza kamwe. Habari hiyo ilienea upesi, hasa miongoni mwa watoto waliotaka hoja ya kuwapa wazazi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wasiikimbilie. Haielezi kama mchezo uliifanya mikono kuwa myepesi, au kama wenye mikono myepesi ndio waliopenda mchezo tangu mwanzo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu nasi. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilipatana na kampuni ya Mojang ya Sweden kutumia mchezo wa Minecraft katika kupanga viwanja vya umma. Katika mchezo huo mtu hujenga kwa vipande vya mraba, kama mtoto ajengavyo kwa vibao. Miongoni mwa miradi ya kwanza ulikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, katika mtaa wa Kibera. Kwa kawaida mhandisi huja na mchoro wa mistari, wenyeji huutazama kwa adabu, hutikisa kichwa kama wameuelewa, na ujenzi ukiisha ndipo huuliza kwa nini mfereji umepita mlangoni. Uwanja ukiwekwa ndani ya mchezo, mtu asiyejua kusoma mchoro huweza kutembea humo, akasema taa ikae hapa, ngazi pale, na mwenzake akaipinga akaiondoa. Kusoma ramani, kukadiria nafasi, kutetea shauri lako na kukubali la mwingine: kazi hizi watu husomea miaka mingi vyuoni, na zilikuwa zikifanywa na vijana wa mtaa kwa kifaa cha mchezo.

Naona nimeusifu mchezo kwa kadiri inayotosha. Yapo mambo ambayo safari ya Oregon haikuyafundisha, nayo si madogo.

Rawitsch aliposoma zile shajara aliona kuwa mara nyingi wenyeji wa asili wa Marekani waliwasaidia wasafiri kupata chakula na njia, akalitia hilo katika mchezo. Ni haki kumpongeza, maana sinema za wakati ule ziliwaonyesha kama maadui wa kila siku. Walakini katika mchezo wenyeji walibaki kuwa tukio. Hujitokeza kama zinavyojitokeza mvua na nyoka, wakaleta heri au shari, kisha wakatoweka. Mchezaji ni mhamiaji daima. Hakuna mahali ambapo mashine inamwuliza: hii ni nchi ya nani?

Tazama mwaka ambao mchezo umewekwa, yaani 1847. Katika mwaka huohuo surua ilifika pamoja na magari ya wahamiaji katika nchi ya Wacayuse, kabila moja lililokaa kando ya njia ile ya Oregon. Wazungu wengi walioshikwa nayo walipona. Wacayuse hawakuwa na kinga, na karibu nusu yao wa sehemu ile wakafa. Mmisionari Marcus Whitman alikuwa daktari, akawatibu wote, nao walipoona watoto wa wageni wanapona na wao wanazikwa, waliamini kuwa anawapa sumu. Tarehe 29 Novemba walimwua yeye, mkewe Narcissa, na watu wengine 11. Vita vikafuata. Mwaka 1850 Wacayuse watano walihukumiwa na kunyongwa, na mahali waliponyongwa ni Oregon City, mji uleule ambao mchezaji akiufikia mashine humpongeza.

Mchezo uliweza kuhesabu ugonjwa unaompata msafiri. Ugonjwa anaouchukua kuwapelekea wengine haukuwa na nambari yake. Wala hilo halikuwa hila ya wale vijana watatu. Walihesabu yaliyokuwamo katika shajara, na shajara ziliandikwa na watu waliokaa ndani ya magari. Mwaka 2021 kampuni ya Gameloft ilipotoa toleo jipya, iliwaita wanahistoria wa makabila ya wenyeji kulirekebisha, na katika toleo hilo mchezaji aweza kuwa mmoja wa wenyeji. Ilichukua miaka 50.

Nililijua jambo hili vitabuni, lakini nililielewa siku moja katika chuo chetu. Niliwapa wanagenzi wangu wa historia kazi ya kutunga mchezo wa kadi, kwa kuwa kompyuta hazikutosha, juu ya ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, ulioanza mwaka 1896 na kufika ziwani Desemba 1901. Niliwaambia wafanye kama alivyofanya Rawitsch: wasibahatishe, wahesabu. Walijitahidi sana. Mchezaji alikuwa mhandisi mkuu. Alipewa fedha, mataruma, na vibarua kutoka India, ambao kwa jumla walikuwa karibu 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kulikuwa na kadi ya ukosefu wa maji katika nyika ya Taru, kadi ya malaria, kadi ya mvua kubomoa tuta, na kadi ya simba wa Tsavo wa mwaka 1898, ambayo kila mtu alitaka kuichora yeye. Waliligombania suala la funza kwa nusu saa nzima: je, zimpunguzie mchezaji siku ngapi za kazi? Sijapata kuwaona wanafunzi wakibishana hivyo juu ya kitabu.

Katika rundo la misiba ilikuwamo kadi iliyosema, "Wanandi wamekata waya wa simu. Poteza siku 6." Ni kweli waya ule ulikatwa mara nyingi, shaba yake ilifaa kwa mapambo. Mchezo ukaendelea. Binti mmoja aliyekuwa akitunza hesabu ya kundi lake aliivuta kadi hiyo, akaisoma kimya, asiiweke mezani.

"Mwalimu," akaniuliza, "mbona babu zangu wamewekwa pamoja na simba na mvua?"

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe ndimi niliyekuwa nimeipitisha kadi ile na kuiwekea alama ya vyema.

Tuliutunga mchezo upya, na kazi iliyokuwa ya juma moja ikachukua muhula. Upande wa pili wa meza uliketi mchezaji mwingine, naye hakupewa fedha za reli. Alipewa malisho, ng'ombe, vijana wa kupigana, na shauri la wazee. Binti yule alikwenda kwao wakati wa likizo akaulize, akarudi na mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha maktaba yetu, na mengine hayakupatana yenyewe kwa yenyewe, ikatubidi tujifunze namna ya kuyapima. Jambo moja likatushinda. Mchezaji wa kwanza alitaka mchezo uishe reli ikifika Kisumu mwaka 1901, kwa kuwa hapo ndipo anaposhinda. Wa pili alikataa, akasema kwake yeye hakuna lililokwisha mwaka huo. Mchezo uendelee hadi tarehe 19 Oktoba 1905, siku ambayo Koitalel arap Samoei aliuawa alipokuwa amekwenda kuonana na Waingereza kwa mazungumzo ya amani. Nilipowaacha kwenda kula walikuwa bado wanabishana, na nilipotazama lile sanduku la kadi muhula uliofuata, kadi ya mwisho ilikuwa nyeupe.